Gari Lililoamka Vizuri Jumapili

Ulikuwa mlio wa kitu kizito kilichodondoka mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kudondoka. Niliwasha gari, nikavuta mkono wa gia kutoka P hadi D kama nilivyoelekezwa, nikaachia breki, na hapakutokea lolote. Injini iliendelea kunguruma kwa utulivu, kama mtu aliyesikia anaitwa lakini hajaamua kuitika. Kisha, nilipokuwa nimeinama kuhakiki kama kweli nilikuwa nimeweka D na si N, chini ya miguu yangu kitu kikapiga gúm, kioo cha mbele kikatetemeka, chupa zangu za sampuli zikagongana kwenye kiti cha abiria, na gari likaruka mbele kama mbuzi aliyechapwa. Mama Mektilda, mwenye nyumba wangu, aliyekuwa anachochea moto jikoni, alitoa kichwa nje akaniuliza kama nimeangusha kinu chake. Nilimjibu kwamba sikuangusha kitu. Alilitazama gari, akakitazama kinu kilichokuwa kimesimama palepale penye ukuta, akarudi kwenye moto bila kuonyesha kama ameniamini.

Mwaka jana nilirudi Ifakara kumzika mama huyo. Nilifika nikiwa na mvi, miwani ya aina mbili, na cheo ambacho watu hunitajia kwenye mikutano kabla ya kunipa kipaza sauti. Katika msiba ule hakuna aliyenikumbuka kwa jina, wala kwa utafiti wangu wa magugu ya mpunga, ambao mimi bado nauona kuwa kazi ya maana. Nilipoketi mkekani kati ya akina mama, mmoja wao alinikazia macho kwa muda mrefu, akamgusa mwenzake kwa kiwiko, na mwenzake akasema kwa sauti ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, "Huyu ndiye mwenye lile gari." Habari ikapita mkeka hadi mkeka, na hata wanaume waliokaa upande wa pili chini ya turubai wakageuka. Mtu mwingine angeona fedheha. Mimi niliona kwamba mwaka ule, ambao katika wasifu wangu wa kazi nimekuwa nikiuandika kama mwaka wa kukusanya takwimu shambani, watu walioishi nami walikuwa wameuhifadhi kwa namna nyingine kabisa, na nikaanza, pale pale mkekani, kuukumbuka upya kwa kufuata kumbukumbu yao badala ya yangu.

Sitaeleza nilivyofika kwenye masomo ya juu. Itoshe kusema kwamba nilikwenda Ifakara nikiwa mtu aliyetikiswa. Jopo la chuo lilikuwa limesoma andiko langu la utafiti, likaniuliza maswali niliyoyajibu vibaya, likanirudisha. Na kwa miezi kadhaa baada ya hapo, mtu akiniuliza "kwa nini", hata kuhusu chumvi kwenye mboga, viganja vyangu vililoa jasho. Profesa aliyenisimamia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambaye sikuwahi kumsikia akirudia swali, alinitetea nikapewa msimu mmoja wa mwisho, na akaniachia gari lake mwenyewe: jeupe, la Kijapani, refu kwa nyuma, na la otomatiki, katika miaka ya tisini ambapo bonde zima lilijua Landrova, malori na matrekta. Sharti lake lilikuwa moja. "Likianza kusumbua, nipigie siku hiyo hiyo. Nitamtuma dereva alifuate." Nadhani alilisema kwa wema, lakini mimi nilisikia sentensi ya pili tu. Vitalu vyangu vya mpunga vilikuwa Mchombe, mbali kwenye barabara ya Mlimba, na ilinibidi nivifikie kwa siku nilizozipanga, hasa wakati wa kuvuna, kwa sababu mpunga ukiiva haumsubiri mtu wala ndege hawamsubiri. Gari likifuatwa, vitalu vingevunwa na nyuni; vitalu vikiliwa, msimu ungepotea; na jopo lilikuwa limesema wazi kwamba hapangekuwa na msimu mwingine. Kati ya simu moja na mwisho wa masomo yangu sikuona nafasi ya kupitisha hata karatasi. Kwa hiyo asubuhi ile ya mlio wa kwanza niliamua kwamba sitapiga simu mpaka niwe nimejua tatizo ni nini na kwa nini, na hapo ndipo elimu ilipoanza kunidhuru.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho upande wa mashariki, chenye dirisha la mbao lililofunguka kuelekea uani, na ukutani nilibandika karatasi kubwa ya kuchorea grafu, ambayo Mama Mektilda aliidhania kalenda ya dini ngeni. Nyumba haikuwa na dari. Maneno yalivuka juu ya kuta kama moshi, na jioni, nikiwa nimejilaza baada ya wali na kitoga, samaki wa mtoni, wa kuchemsha, nilisikia yote yaliyosemwa sebuleni, hasa na Mzee Kasiani, mkulima jirani aliyekuja kila siku kusikiliza taarifa ya habari kwenye redio ya mama na ambaye aliizungumzia taarifa hiyo wakati ikiendelea, hivyo hakuna mtu aliyewahi kuisikia. Jioni moja walilizungumzia gari. Mzee Kasiani alisema gari kama lile lina akili zake na halipendi kuamrishwa. Mama Mektilda alijibu kwamba gari halina tatizo, tatizo ni mwenye gari kuwa na mawazo mengi. Asubuhi hukaa ndani yake ameinama, analisemesha.

"Analiambia nini?" Mzee Kasiani aliuliza.

"Haliambii kitu. Anahesabu tu."

Redio ikapata nafasi ya kusema jambo kuhusu bei ya pamba. Kisha mzee akasema watu wa vitabu ndivyo walivyo, na kwamba yeye atalala mapema maana asubuhi kuna kazi. Nililisikia hilo pia, wala sikulitilia maanani. Wakulima huwa na kazi asubuhi.

Kweli nilikuwa nahesabu. Nilihesabu kwa sauti muda uliopita kati ya kuweka D na gari kushika, kisha nikauweka kwenye grafu dhidi ya kila kitu nilichoweza kukifikiria: ubaridi wa alfajiri, kwani Juni ilikuwa imeingia na ukungu kutoka milima ya Udzungwa ulikaa uani hadi jua linapanda, umbali niliokwenda jana yake, petroli iliyobaki, hata blanketi kuukuu ambalo Mama Mektilda alikuwa ameanza kulifunika boneti jioni bila kuniuliza, na ambalo nilimwomba aliweke siku moja na kuliacha siku inayofuata ili niweze kulinganisha. Aliliweka kila siku. Aliponieleza sababu alisema kwamba hawezi kumwacha kiumbe kwenye baridi kwa ajili ya grafu.

Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani, na picha zake zilionyesha familia yenye furaha ikipanda gari ambalo limeshawaka. Kutokana na picha moja nilitambua kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, na kwa kuwa nilifundishwa kwamba kipimo cha kuaminika ni kile kinachochukuliwa katika hali ileile kila mara, nilikichomoa kila alfajiri kabla ya kuwasha gari, injini ikiwa imezimwa na baridi kabisa, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa juu ya alama. Ilikuwa juu ya alama kila siku bila kukosa, na nilijivunia ulinganifu huo. Basi nikaiondoa oili katika orodha ya washukiwa, nikaikata kwa mstari ulionyooka uliopigwa kwa rula.

Fundi Otmari aliletwa na Mzee Kasiani, bila mimi kuomba. Alikuwa ametengeneza matrekta maisha yake yote na alitembea akiwa na spana moja tu mfukoni, kwa maelezo kwamba fundi mwenye spana nyingi hajui anachotafuta. Aliingia chini ya gari, akakaa huko muda wa kunitia matumaini, akatoka, akafungua mlango wa dereva, akainama kutazama pedali.

"Mwalimu, klachi iko wapi?"

"Halina klachi, fundi."

"Halina, au imetolewa?"

"Limetengenezwa hivyo."

Alinitazama kwa huruma ya dhati. "Ndivyo walivyokuambia." Akaifuta mikono yake polepole, akawageukia Mzee Kasiani na wengine waliokuwa wamesimama pale uani, akatangaza kwamba gari hili limeibiwa klachi, tena na mtu mwenye ujuzi, kwa kuwa hata shimo la pedali ameliziba. Nilipomweleza kuwa huko Japani kuna theluji na magari haya hutembea humo, alitafakari, akasema basi gari limezoea theluji, baridi yetu hii ndogo linaidharau. Alipendekeza tuongeze oili nzito ya malori. Nikakataa kwa kumwonyesha kwamba oili ipo juu ya alama. Alikitazama kijiti, akakubali kwamba ipo, na kwa dakika ile ya pekee tulikuwa, mimi na yeye, tumekosea jambo lilelile kwa uhakika uleule.

Kilichonitesa zaidi ya ugonjwa wenyewe ni kwamba haukuwa na mpangilio. Kulikuwa na asubuhi za mlio, ambapo gari lilikaa, likakaa, kisha gúm. Na kulikuwa na asubuhi za ulaini, ambapo nilikuwa sijamaliza kuhesabu, gari likaanza kujongea lenyewe taratibu, likapanda kile kilima kidogo cha kutoka uani hadi barabarani kama linavutwa na kamba ya hariri, na gia ikashika baadaye, tukiwa tunatembea, kwa mguso ambao mtu asiye makini asingeusikia. Nililiita jambo hili "kushika kwa ulaini", nikalipa rangi yake kwenye grafu. Halikufuata baridi. Halikufuata blanketi. Baada ya wiki kadhaa niliona, kwa mshtuko wa mtu aliyelelewa kuheshimu ushahidi, kwamba lilifuata siku za juma. Jumapili alfajiri, nilipokuwa nakwenda kutazama mitego yangu ya kunasa mbegu za magugu kule Michenga, gari lilishika kwa ulaini kuliko siku zote. Jumatatu lilikuwa la wastani. Siku mvua ya nje ya msimu iliponyesha, lilikuwa baya kabisa. Nilikesha nikitafuta nadharia ambayo ingeeleza kwa nini mtambo wa chuma uliotengenezwa mbali uitambue Jumapili. Niliwaza kuhusu kengele za kanisa. Niliwaza, na ninaliandika hili kwa sababu nimejiahidi kuwa mkweli, juu ya mtetemo wa kengele kupita ardhini na kulegeza kitu.

Lazima nieleze nilivyokaa garini. Nyuma kulikuwa na magunia ya sampuli, mabua na nyavu za kuzuia ndege, yamepangwa hadi kwenye paa, hivyo kioo cha ndani kilinionyesha magunia. Kioo cha pembeni upande wangu kilikuwa kimepotea kabla yangu, na kile cha upande wa pili kilifungwa kwa mpira wa baiskeli na kilionyesha anga peke yake. Madirisha niliyafunga ili joto lisitoroke na kuniharibia vipimo. Mimi mwenyewe niliinama hadi sikio langu likakaribia mkono wa gia, nikihesabu. Gari likishapanda barabarani, nilinyanyuka, nikafungua dirisha, na daima pangekuwa na majirani wamesimama nyuma kidogo, watatu au zaidi, wakinipungia mkono na kunitakia safari njema. Niliwapungia. Nilimwandikia rafiki yangu kwamba sijawahi kuona watu wenye adabu ya asubuhi kama hawa, ingawa nilikuwa na wasiwasi kuhusu afya zao, kwani wengi walionekana kuhema. Niliuliza kwenye zahanati kama moshi wa kuni huleta pumu.

Mpunga ulipoanza kuiva, gari lilianza kufa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Ulaini ulipungua wiki hadi wiki. Mlio ukawa mkubwa. Muda wa kusubiri ukarefuka hadi mstari wangu wa grafu ukafika ukingoni mwa karatasi na ikabidi nibandike nyingine juu yake, karibu na paa. Hata Jumapili ikanisaliti. Niliuvuta mstari ule mbele kwa penseli, kama tunavyofundishwa, na ukanionyesha kwamba gari lingekoma kabisa kutembea katika wiki yenyewe ya kuvuna. Nilikwenda posta kupiga simu. Aliyekuwa kwenye meza ya simu ni Dada Teofrida, aliyeishi mtaa wetu, mwanamke mchangamfu ambaye aliunganisha simu za mji mzima na kwa hiyo hakuhitaji gazeti. Aliniuliza ninampigia nani. Nilimwambia ninataka stempu. Nilirudi siku nyingine nikanunua nyingine. Hadi leo ninazo stempu za twiga ambazo haziwezi kufikisha barua popote.

Asubuhi ya kuvuna niliamka kabla ya jogoo wa Mama Mektilda, nikapakia mundu, mizani na magunia matupu, nikawasha, nikaweka D, nikainama. Nikahesabu. Injini ilinguruma. Ukapita muda mrefu kuliko wowote uliowahi kuwapo ukutani kwangu, nikazima, nikawasha tena, nikahesabu upya. Nje palikuwa kimya kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Hapakuwa na ndoo, hapakuwa na baiskeli, mtaa mzima ulikuwa kama umefungwa. Nilizima gari nikalaza kichwa kwenye usukani. Sikulia, lakini nilikuwa nimeanza kutunga, kwa lugha fasaha, barua ya kujiondoa masomoni.

Mama Mektilda alitoka jikoni na bakuli la uji wa mchele, akagonga dirisha, nikalifungua.

"Kunywa kwanza," alisema. "Leo hutoki mapema. Watu wote wameshakwenda kwenye madungu."

Nilimwambia ninajua, wamekwenda kwenye vibanda vyao vya mashambani kulinda mpunga na kuvuna, kama kila mwaka. Lakini gari langu linahusikaje?

Alinitazama kama anavyomtazama mtu anayeuliza maji yanahusikaje na chai. "Sasa nani atasukuma?"

Nilishika bakuli la uji. Ninakumbuka joto lake kwenye vidole na ukungu uliokuwa ukipita kati yetu. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo jopo la chuo lingeitambua, wanasukuma lini. Akasema kila siku. Akasema Mzee Kasiani na mkewe ndio wa kudumu, wengine ni wale wanaokuwa wanapita kwenda mashambani. Jumapili wanakuwa wengi kwa sababu ya misa ya kwanza. Siku ya mvua hawaji, nani atake tope. Bonde hili lote, gari linalonguruma asubuhi bila kuondoka husukumwa, na anayepita hasubiri kuombwa, kama vile hasubiri kuombwa kumtua mtu ndoo. Mguu wake mbovu ndio ulimzuia yeye, vinginevyo naye angekuwa pale. Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Swali hilo lilimshangaza kwa kweli. "Tukuambie nini, mwanangu? Si ulikuwa ndani?"

Katika mazishi yake, mwaka jana, wakati gari la kubebea jeneza lilipowashwa mbele ya nyumba, dereva alikawia kidogo akitafuta njia ya kupita kati ya viti. Niliwaona wazee kadhaa, mke wa Mzee Kasiani akiwa mmoja wao, wakiacha walichokuwa wanafanya na kujisogeza nyuma ya gari, wengine wameshaweka viganja. Gari likaondoka vizuri bila msaada wao, na wakabaki mikono ikiwa hewani. Mimi pia nilikuwa kati yao, na sikumbuki nilivyofika pale.

Asubuhi ile ya kuvuna niliwasha gari tena, nikaliacha lipate joto huku mimi nikinywa uji, hadi lilipopiga mlio wake lenyewe, nikaondoka bila kuthubutu kuzima injini njia nzima. Mzee Kasiani alikuwa na shamba pale pale Mchombe, hatua chache kutoka kwenye vitalu vyangu. Aliniona kutoka juu ya dungu lake, akasimama, na badala ya kuniamkua aliuliza nimetokaje. Nilipomwambia nimetoka peke yangu, alimwita mkewe kwa mshangao wenye masikitiko kidogo, mithili ya mzazi aliyesikia mtoto amejifunza kuendesha baiskeli yeye hayupo. Mkewe, akiwa kwenye majani na mundu mkononi, alisema haiwezekani, kwa sababu kazi kubwa ya kusukuma ni yake, mumewe huegemea tu. Mzee akajibu kwamba kuegemea ndiko kunakoelekeza. Wakabishana hivyo huku wakivuna, nami nikavuna vitalu vyangu kwa kufuata vipimo, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita sikuwa nahesabu kitu kingine.

Gari lilikuwa linanguruma wakati wote ule ukingoni mwa shamba, kwa sababu niliogopa kulizima. Ilipokuwa karibu adhuhuri nikaenda kuangalia kama limechemka maji, na kwa mazoea mkono wangu ukachomoa kile kijiti cha giaboksi. Kilitoka kikavu. Nilikifuta ingawa hapakuwa na cha kufuta, nikakirudisha, nikakichomoa: kwenye ncha kabisa kulikuwa na tone jekundu lililoungua. Nilisimama kwenye jua la Mchombe nikiwa na kijiti kama mshumaa, na jambo lote likajipanga lenyewe. Usiku oili yote hushuka kutoka ndani ya mitambo na kukusanyika chini, kwa hiyo anayepima alfajiri, injini ikiwa imezimwa, hukuta kijiti kimeloa hadi juu hata kama iliyopo haitoshi. Ukiwasha, mitambo huinyonya ile kidogo, na gia husubiri ijae ndipo ishike, tena kwenye baridi, ikiwa nzito, husubiri zaidi. Nilikuwa nimepima kitu sahihi, kwa uangalifu mkubwa, katika hali pekee ambamo hakikuweza kuniambia ukweli. Oili ya aina ile haikuuzwa Ifakara, kwa kuwa hapakuwa na gari jingine la kuinywa. Mwenye kuweza kuileta alikuwa mmoja tu, na nusu ya vitalu vyangu ilikuwa bado imesimama.

Nilirudi mjini nikaenda moja kwa moja posta. Dada Teofrida alinyoosha mkono kuchukua stempu. Nilimwambia leo ni simu, nikamtajia namba ya ofisi ya Profesa, nikaingia kwenye kile chumba kidogo cha mbao chenye harufu ya vumbi na mafuta ya nazi ya vichwa vya watu. Nilikuwa nimeandaa utangulizi, mbinu, na matokeo ya awali. Laini ikakoroma, ikalia, na ile sauti ya chini ikasema halo.

"Shikamoo, Profesa. Gari linachelewa kushika gia asubuhi."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Tangu baridi ilipoanza."

Laini ilitoa mvumo kama wa mto. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza nimekuwa nikitokaje uani muda wote huo, nikamjibu kwamba nasukumwa. Akauliza na nani. Nikaanza kueleza juu ya Mzee Kasiani na mkewe, na waumini wa misa ya kwanza, na nikaona kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyozidi kufanana na mtu ambaye hafai kuachiwa hata toroli. Nilitaja oili. Nilitaja kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alichosema siku ya kwanza, kwa sauti ileile.

"Nitamtuma dereva."

Nilifumba macho. Ndipo sauti nyingine ikaingia kwenye laini, karibu sana, kama inatoka ndani ya sikio langu.

"Shikamoo, Profesa. Samahani kuingilia, ni Teofrida wa posta. Dereva anakuja kulifuata gari? Maana mtoto bado hajamaliza kuvuna."

"Marahaba," Profesa alisema. "Wewe unamfahamu?"

"Namsukuma. Jumapili."

Nilisema samahani, nikasema Dada Teofrida tafadhali, lakini walikuwa wameshaanza kuzungumza juu yangu kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya zahanati wakiwa na mgonjwa mmoja. Profesa aliuliza kama gari linasukumika. Teofrida akasema vizuri tu, ni jepesi kuliko lori la parokia, na kama ni kusukuma watu hawajachoka, wanarudi kutoka mashambani wiki ijayo; avune tu. Profesa akauliza kama kuna usumbufu wowote. Teofrida akasema upo mmoja, lakini hawakutaka kuniudhi kwa kuwa niko masomoni.

"Sema."

"Anakanyaga breki, Profesa. Sisi tunasukuma, yeye ameinama, mguu umeegemea breki."

Ukimya uliofuata niliuhesabu, Mungu anisamehe. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia ofisini kwake: Profesa alikuwa anacheka, kwa chini, na kwa shida, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Dereva ataleta oili, ataimimina, atarudi kwa basi," alisema alipoweza. "Gari libaki. Na huyo mwenzako, bado yuko kwenye simu?"

"Yupo," alisema Teofrida. "Nimwambie nini?"

"Mwambie atoe mguu."